Kwa Mwanangu, Ambaye Wizi Haujamwacha

Mwanangu Magesa,

Bi Zuhura akikukabidhi karatasi hii hapo nje ya lango la gereza, usianze kumwuliza mama yuko wapi. Mama yuko nyumbani, mzima, anaogopa. Ningeweza kuja. Lakini nakujua: ungecheka kidogo, ungenipokea mzigo, na kabla hatujafika Kiabakari ningekuwa nimesahau kila nilichokusudia kukwambia. Ndiyo maana nimeandika, kwa herufi zangu hizi za darasa la ubatizo la Nyegina, ambazo ulikuwaga unasema zinachechemea kama mbuzi aliyevunjika mguu. Zicheke tena, si neno. Ila kwanza kula chakula alichobeba Bi Zuhura, maana najua hujala, halafu usome mpaka mwisho.

Naogopa, Magesa. Nianze na hilo nisije nikalizunguka. Tangu tarishi wa baraza apite hapa kusema kwamba kifungo chako kinakwisha pamoja na mvua hizi, natega sikio usiku kucha. Mbwa akibweka mchana kweupe naacha kupepeta ulezi, natazama njia. Mkeo Nyabise akichelewa kisimani namfuata, nimeshika jembe, najidanganya kwamba nakwenda shamba. Binti yako Wakuru nimemhamishia kwenye ngozi yangu ya kulalia, alale ubavuni kwangu, na mlango nimeutia gogo. Mtu mzima kama mimi, naziba mlango kwa gogo kwa ajili ya mtoto niliyemzaa mwenyewe. Aibu hiyo sijamwambia mtu.

Hofu si ngeni kwangu. Ulipougua surua nilikubeba mgongoni hadi kwa masista Nyegina, jua linawaka, nikawa nasimama kila penye kivuli kusikiliza kama bado unapumua. Ulipoanza kuchunga nikaogopa nyoka. Ulipotoka jandoni nikaogopa mikuki ya watu. Hofu ya namna hiyo kila mama anayo. Unapika nayo, unalima nayo, unaizoea. Hii ya sasa ni nyingine. Zamani nilikuwa naogopa utapatwa na nini. Siku hizi naogopa utafanya nini.

Usidhani nimesahau mema yako. Mwaka ule baba yako alipotutoka, nami nikaanguka homa nisiweze hata kuinua kichwa, ni nani aliyebeba mtungi? Ulikuwa hujaota hata ndevu. Ulikwenda kisimani na mtungi kichwani kama msichana, na wasichana wenyewe wakakucheka mpaka wakamwaga maji yao. Nilikusikia nikiwa ndani. Ulicheka pamoja nao, ukawaambia wakupishe njia, mama yako ana kiu. Halafu uliingia ukaninywesha kwa kata, polepole, umeshika kisogo changu. Mkono ule ule, Magesa. Hapo ndipo akili yangu inapogota kila siku. Mkono ule ule.

Kisha ukaingia umri wa kupotea. Wewe na wenzako wa jando mlikuwa mnatoweka, halafu mnarudi na ng'ombe waliokatwa masikio kwa alama ambazo hapa kwetu hatuzijui. Hakuna aliyeuliza. Wasichana walipiga vigelegele, wazee wakajifanya wanatazama milima, nyama ikaliwa. Nami nilikula, tena niliomba ini. Watu walisema ni umri tu. Kijana wa umri ule miguu haimtulii, na akitulia sana watu wanamwuliza kama anaumwa.

Aliyenituliza moyo alikuwa mjomba wako Mang'era. Wewe umemjua akiwa mzee wa baraza, mkali, anayewatoza wezi faini mpaka wanatokwa na machozi. Mimi kaka yangu nimemjua akiwa mwizi, tena mwizi hodari, mama yetu akisikia yowe tu anajua mwanawe yuko kazini. Halafu akaoa, akapata mtoto. Siku moja wenzake walimpitia, wakasimama pale uani na fimbo zao, wakamwambia twende. Yeye alikuwa amepakata mtoto, akawaambia wamsubiri kwanza mtoto alale. Wakacheka sana, wakasubiri, wakachoka, wakaenda zao. Hawakumpitia tena. Hakuna padre aliyemhubiria, wala hakuna askari aliyemkamata. Nilipomwuliza alikiachaje kitu kile, akanijibu, "Sikuacha. Kiliniacha chenyewe."

Basi na mimi nikakaa nasubiri kikuache. Nikawatazama wenzako. Wa kwanza kutoka alikwenda kuchimba dhahabu Kiabakari, akarudi na viatu na kikohozi, hana hamu ya ng'ombe wa mtu. Mwingine akalima pamba huko Bunda, sasa ana tumbo mbele na anaogopa hata kuvuka mto wenye maji. Yule mfupi, aliyekuwaga anawaongoza nyote, leo ni katekista Nyegina, anatufundisha amri ya saba, Usiibe, bila hata kutabasamu. Nilicheka siku nilipomsikia, nikafunika uso kwa kanga ili asinione. Wote kiliwaacha, mmoja baada ya mwingine, kwa namna yake. Nikawa nakuhesabia wewe sasa, nasema huyu ni wa mwisho tu, wako wanaochelewa.

Lakini wewe hukuwa unachelewa. Ulikuwa unaelekea kwingine. Kwanza mlikwenda mbali, pamoja, kwa watu tusiowajua. Halafu ukaanza kwenda peke yako. Halafu ukaanza kwenda karibu. Ukachukua mbuzi wa mjane wa kijiji cha pili, yule aliyekuwa amekupa maziwa ukiwa mtoto. Mwizi wa ng'ombe wa mbali, huku kwetu, watu walimwita kijana. Mwizi wa mbuzi wa mjane wa jirani hawakujua wamwite nani, wakawa wananyamaza ninapopita. Na nyama ya mbuzi yule hapakuwa na aliyeila. Uliikalia peke yako nyuma ya nyumba, ukala, ukapangusa mikono kwenye majani, ukanisalimia vizuri kabisa.

Tukafanya lile ambalo watu wa kwetu wanalifanya kwa kijana wa namna hiyo. Tukakutafutia mke. Mang'era alisema yeye alipona hivyo, na baba yake mdogo alipona hivyo, hakuna dawa nyingine. Tulichanga ng'ombe, yeye wake na mimi wangu, na katika wangu nikamtoa yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama, niliyekuwa namkamua kwa mikono yangu. Tukawapeleka kwa Mzee Wambura kumtaka binti yake Nyabise. Mzee yule alitupokea kwa heshima, akijua kabisa habari zako, maana nani hakuzijua? Alisema mwanamume anayeanza nyumba huanza na roho mpya. Alituamini. Nakukumbusha kwa sababu siku ya kesi hukumtazama hata mara moja.

Na dawa ikaonekana inafanya kazi. Ulilima pamba na Nyabise bega kwa bega. Ulikwenda kuuza Bunda ukaniletea kanga, na sato mkavu mwenye harufu ya moshi, ukasema huyu ni wa mama peke yake asiguswe. Wakuru akazaliwa. Nilikuona umempakata uani jioni moja, umemfunika jua la mwisho kwa kiganja, nikajificha nyuma ya ghala nikalia kwa furaha. Nikasema kimemwacha. Nilikwenda Nyegina nikawasha mshumaa.

Msimu uliofuata wa kuuza pamba, watu wengi wenye nguvu walikuwa wamekwenda Bunda. Nilikuwa uani, ungo mkononi, nikasikia yowe, nikafikiri ni moto. Lilikuwa linakuja upande wetu. Unajua sheria ya kwetu ilivyo, hata Serikali imeiachia: ng'ombe wakiibwa watu wanafuata kwato, na zikiishia kwako ni juu yako kuonyesha zilikotokea kwenda mbele, usipoonyesha unalipa. Nimeona watu wakifika vijiji vya wenzetu hivyo. Sikuwahi kuona wakifika kwangu. Walipita katikati ya mtama wangu, wameinamisha vichwa, hakuna hata mmoja aliyenisalimia. Mzee mmoja aliyewatangulia alikuwa anagusa kila alama ya kwato kwa ncha ya fimbo. Akafika mlangoni pangu, akasimama.

Uliiba ng'ombe wa mahari yako mwenyewe. Nimelisema mara nyingi, bado halielekei. Kuna wezi wa kila namna katika nchi hii, lakini hata wale wazee wenye sifa mbaya, waliohesabiwa kuwa wameshindikana, walishika kichwa. Mkwe haibiwi. Mkwe hata jina lake halitamkwi ovyo. Wewe uliingia katika zizi lake mchana, na mzee alipotoka na mkongojo wake kuuliza nani yuko pale, ulimpiga rungu la kichwa. Baba wa mkeo. Babu wa Wakuru.

Waliwakuta ng'ombe katika lile bonde la mawe nyuma ya shamba letu, ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Walipowatoa, yule mwekundu aliniona. Aliacha wenzake, akapita katikati ya watu wenye mikuki, akaja akanipumulia mkononi, akingoja nimkune shingo kama zamani. Watu wote wakanitazama mimi. Sikumkuna. Nilisimama mikono imening'inia, na ng'ombe akaendelea kunipumulia.

Mzee Wambura hakufa. Ndiyo maana hukunyongwa, ukapewa kifungo na yule hakimu mzungu wa Musoma. Lakini mdomo wake umekwenda upande, na mkono wa kulia hauna kazi. Kila asubuhi Nyabise anakwenda kumwogesha na kumlisha uji, halafu anarudi kwangu, kwa mama wa aliyempiga. Nilimwambia arudi kwao, nitaelewa. Alisema, mama, nikirudi kwetu wewe utabaki na nani? Sijui nilitenda jema gani mbele ya Mungu hata nikapewa mkwe wa namna hiyo.

Niliwahi kuja kukuona, unakumbuka. Nililala Mukendo, hapo mjini Musoma, kwa Bi Zuhura, ambaye huwauzia askari wa gereza maandazi, na kwa maandazi yale nikaruhusiwa. Wakati nangoja uletwe, niliongea na askari mmoja mtu mzima. Nilimwuliza, maana ni swali langu la kila siku, kama watu wanaacha. Alisema wengi wanaacha. Kila mwaka wanaletewa vijana wapya, wanafyeka majani ya barabara wakiimba, wanatoka, na sura za wengi hazionekani tena pale. Wakishazeeka kabisa, alisema, hawaletwi. Anaweza kuwahesabu kwa vidole wazee waliopita mikononi mwake. Ila wako wachache, si vijana tena wala si wazee bado, alisema, ambao anawajua kwa majina, kwa baba zao na kwa namna wanavyokohoa. Hakukutaja. Alinitazama tu kwa huruma, akanipa kigoda nikae.

Halafu ukaletwa. Ulikuwa umenenepa kidogo, umetulia, unanukia sabuni. Nilikuwa na habari zote tayari mdomoni: Wakuru ameota meno, Wakuru anasimama, Wakuru anamwita mbuzi "mama". Nilingoja uniulize. Uliniuliza, kwa sauti ile ile ya upole uliyoninywesha nayo maji, "Mama, ng'ombe wa Mzee Wambura wamezaa?"

Nikafikiri nimesikia vibaya, nikakujibu kwamba wamezaa. Ukafurahi. Ukaniuliza kama mlango wa zizi bado uko upande wa mkuyu, au wameuhamisha.

Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu. Si siku ya yowe. Siku ya yowe nilikasirika, niliona aibu, nilitaka ardhi inimeze, lakini nilifikiri ni shetani amekupitia. Pale gerezani sikuona shetani. Nilimwona mwanangu, ana akili timamu, anaulizia mlango. Barabarani nikirudi nilikaa chini Kiabakari mpaka watu wakadhani nina homa.

Sasa nikwambie kinachokungoja. Juzi Mang'era alikuja mchana, hakutaka chakula, na kaka yangu kukataa chakula si jambo la kawaida. Alisema wazee wa ukoo wamekwisha kaa. Siku utakayokanyaga hapa watakaa tena, nami nitaitwa. Ni desturi ya zamani, mimi nilidhani imekufa. Mtu wa ukoo akishindikana, mama yake anawekwa katikati, anaulizwa kama huyu ni wake. Akisema hapana, basi hana watu. Atakayemkuta na kumwua hadaiwi fidia wala haulizwi. Serikali haiambiwi kitu, au itaambiwa ni fisi. Akisema ndiyo, basi mama amemchukua yeye na yote atakayoyafanya, na jambo la kwanza likitokea, nyumba nzima ya mama inatolewa katika ukoo. Hakuna atakayewapa moto wala maji, mke, watoto, wote.

Nilimwambia, kaka, wewe mwenyewe ulikuwa mwizi. Hakukasirika. Alichora chini kwa fimbo, akasema anajua, na ndiyo sababu alikuwa wa mwisho kukubali. Alisema alisubiri kikuache kama kilivyomwacha yeye, amesubiri mpaka mzee wa watu amepigwa rungu. Halafu akasimama, akanishika bega, kitu ambacho hajakifanya tangu tukiwa watoto.

"Watakuuliza mara moja tu, Mama Magesa," alisema. "Usilie. Sema moja."

Tangu hapo nalima na swali hilo, nasaga na swali hilo. Namtazama Wakuru anavyokimbiza kuku, najua neno linalotakiwa niseme. Ni neno moja tu, tena fupi. Nimekwenda katikati ya mtama, mahali asiponisikia mtu, nikajaribu kulisema kwa sauti. Hapana, si wangu. Halikutoka. Nikajaribu tena, nikabaki natapika mate. Najijua sasa. Wakiniweka katikati wakaniuliza, nitasema ndiyo, ni wangu. Nitasema nikijua kwamba nimemtupa Wakuru na Nyabise njiani, maana wewe hutatulia, Magesa, ulishauliza mlango. Ndiyo hiyo hofu yangu yote. Si wazee ninaowaogopa. Namwogopa mama yako.

Kwa hiyo usiwape nafasi ya kuniuliza. Hawaniulizi ukiwa mbali. Wananiuliza ukikanyaga hapa. Hapo uliposimama ziwa liko mbele yako, na Bi Zuhura atakuonyesha mahali pa kupandia meli ya Mwanza. Ukifika huko nenda mbele zaidi. Kuna migodi, kuna mashamba ya watu, jina lako huko halina uzito. Usimwite Nyabise. Usitume salamu kwa mtu anayekuja huku, maana salamu zina njia ya kurudi nyuma. Na karatasi hii mrudishie Bi Zuhura aitie mekoni.

Lakini sikukatazi milele, siwezi. Njoo ukiwa mzee. Njoo mvi zimejaa, magoti yanakusumbua, na ukimsikia ng'ombe analia unatafuta kivuli tu ukae. Miaka itafanya kazi ambayo mke hakuiweza na gereza halikuiweza. Nimeona inavyowafanya wanaume. Siku hiyo hakuna atakayekuuliza kitu. Watakupa kigoda, watakuletea uji, na watoto watakuzunguka wakuulize habari za mbali. Mtafute Wakuru, atakuwa mama wa watu. Mweleze wewe ni nani, polepole, asishtuke.

Mimi nitakuwa nimezikwa zamani. Najua hilo ninapoandika, nawe ulijue, kwamba tulikwisha kuagana siku ile gerezani bila kujua. Ningejua ningekushika mkono. Nenda, mwanangu. Meli haimngoji mtu.

Ni mimi mama yako, ambaye akiulizwa atasema ndiyo.